“Use”: kitenzi cha herufi tatu, maana nyingi, na maana moja iliyopimwa juu ya watoto wa Ituri

“Use” ni kati ya vitenzi vya kwanza ambavyo mwanafunzi wa Kiingereza anakutana navyo darasani. Kina herufi tatu tu. Mjini Bunia kinaonekana karibu kila fasi: ku chupa ya dawa iliyotoka Uganda, ku mfuko wa dawa ya shamba, ndani ya simu, ku makaratasi ya mashirika ya misaada. Kwa kawaida mwalimu anaandika ubaoni kwamba “use” ni kutumia, kisha somo linaendelea.

Tafsiri hiyo si mbaya, lakini haitoshi. Kitenzi hicho kina maana nyingi, na nyingine hazina uhusiano wowote na kutumia. Tena, moja kati ya maana zake ilibishaniwa kwa miaka huko La Haye, katika kesi ya watoto waliobebeshwa silaha Ituri mwaka 2002 na 2003. Makala hii inapanga maana hizo, kutoka zile za sokoni mpaka ile ya mahakamani, na inaonyesha kwa nini Kiswahili cha Bunia kinahitaji uangalifu wa pekee wakati wa kuitafsiri.

Kilitoka wapi

Mzizi wake ni wa Kilatini. Ulipita katika Kifaransa cha zamani, katika kitenzi “user”, ukaingia Kiingereza katika karne zilizofuata mwaka 1066, wakati Wanormani walipoiteka Uingereza na kuleta lugha yao. Kisha ndugu hao wawili wakaachana njia. Kwa Kiingereza “use” ilibaki na maana ya kutumia. Kwa Kifaransa cha leo, “user” kikiwa peke yake kinamaanisha zaidi kuchakaza: kiatu “usé” ni kiatu kilichochakaa. Kwa kutumia, Wafaransa wanasema “utiliser”, “employer” au “se servir de”. Kwa hiyo mtu wa Bunia aliyesoma kwa Kifaransa asifikiri kwamba “use” na “user” ni neno moja.

Maana za kila siku

Ya kwanza ni kufanya kazi kwa kutumia kitu fulani. “I use a hoe” maana yake ninatumia jembe. Mara nyingi Kiswahili hakihitaji hata kitenzi hicho, kwani neno “kwa” linatosha: ninalima kwa jembe, ninaandika kwa kalamu.

Ya pili ni kumaliza kitu kidogo kidogo. Mwingereza akisema pikipiki “uses” mafuta mengi, mtu wa Bunia atasema pikipiki inakula mafuta. Akiongeza “up”, yaani “use up”, maana inakuwa kumaliza kabisa, hakuna kilichobaki.

Ya tatu inahusu madawa ya kulevya. “He uses”, bila kutaja kitu chochote nyuma, inaweza kumaanisha kwamba mtu huyo anatumia madawa. Msikilizaji asiyejua hilo atangoja mwisho wa sentensi ambao haukuji.

Ya nne ni kumtumia mtu. “He used me” ni lawama: alinifanya chombo chake, akapata faida yake, akaniacha. Maana hii ndiyo iliyo karibu na ile ya sheria.

Ya tano ni mtego mkubwa. “Used to”, ikifuatwa na kitenzi kingine, haizungumzii kutumia hata kidogo. Inazungumzia zamani. “I used to live in Mongbwalu” maana yake zamani nilikuwa nikikaa Mongbwalu, na leo sikai tena huko.

Ya sita inafanana na ya tano kwa sura, lakini maana ni nyingine. “To be used to” ni kuzoea. Hapo kosa la tafsiri linaweza kuharibu habari nzima. Tuseme ripoti ya shirika moja imeandikwa juu ya vijiji vya Djugu. Ikisema “people used to flee”, ina maana kwamba zamani watu walikuwa wakikimbia, sasa hawakimbii tena. Ikisema “people are used to fleeing”, ina maana kwamba watu wamezoea kukimbia, na bado wanakimbia. Tofauti ni neno dogo “are” na mwisho wa kitenzi. Lakini sentensi ya kwanza inasema usalama umerudi, na ya pili inasema haujarudi.

Ya saba ni “used” inayoeleza hali ya kitu. Gari “used” ni gari la okazioni, lililokuwa na mwenyewe kabla yako. Lakini sindano “used” ni sindano iliyokwisha kuchoma mtu mwingine, na hiyo haina okazioni, ni ya kutupwa.

Ku chupa na ku pakiti

“Use” inaweza pia kuwa jina, si kitenzi tu. Maandishi ni yaleyale, lakini sauti ya mwisho inabadilika: kitenzi kinaishia na sauti ya “z”, jina linaishia na sauti ya “s”. “Used to” ya zamani na ya kuzoea nayo inatamkwa kwa “s”.

Maandishi manne yanafaa kujulikana katika kila nyumba inayonunua dawa zilizoandikwa Kiingereza. “For external use only” maana yake ni dawa ya kupakaa juu ya ngozi, usiinywe. “Shake well before use” maana yake tikisa vizuri kabla ya kutumia. “Single use only” maana yake tumia mara moja tu, kisha utupe. “Use before” au “use by”, ikifuatwa na tarehe, maana yake usitumie baada ya siku hiyo. Mtu anayejua kwamba “use” ni kutumia, lakini hajui neno “external”, anaweza kumunywesha mtoto dawa ya ngozi.

Kutuma, kutumia, kutumika

Sasa upande wa Kiswahili. Neno letu halitoki mahali pamoja na lile la Kiingereza. Limezaliwa na kutuma. Ukiongeza sauti moja, kutuma kunakuwa kutumia, na kutumia kuna maana mbili kwa wakati mmoja. “Nitakutumia feza kesho” ni habari njema: feza zinakuja ku simu yako. Lakini “alinitumia”, bila kitu kingine nyuma, inaweza kuwa kilio cha mtu aliyefanywa chombo. Mazungumzo yenyewe ndiyo yanaonyesha ni ipi.

Jamaa ya neno hilo ni kubwa. Mtume ni aliyetumwa na Mungu. Mtumishi ni anayehudumia wengine. Mtumwa ni neno lililotengenezwa kutoka kutumwa: ni mtu asiyejituma, anayetumwa na mwenye kumumiliki. Kwa hiyo ndani ya Kiswahili, kutuma, kuhudumia na kumiliki mtu vinakaa jirani sana.

Bunia, kama katika sehemu nyingi za mashariki ya Kongo, kuna jambo lingine tena. Kwenye pwani ya Tanzania na Kenya, kitu “kinatumika” pale mtu anapokitumia. Huku kwetu, kutumika ni kufanya kazi. “Unatumika wapi?” ni swali la kawaida kati ya watu wawili wanaojuana mara ya kwanza. “Natumika ku mine”, “natumika ku hopitali”: hakuna mtu anayesikia hapo ubaya wowote. Ni mshahara, ni jasho, ni maisha.

Basi sentensi “watoto walitumika kambini” ina masikio mawili. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kusikia kwamba kuna mtu aliyewatumia watoto. Mtu wa Bunia anaweza kusikia kwamba watoto walifanya kazi, karibu kama vijana walioajiriwa. Aliyewatumia ametoweka ndani ya kitenzi.

“Use” ndani ya sheria ya Roma

Tarehe 17 Julai 1998, mjini Roma, mataifa yalipitisha mkataba uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, inayojulikana huku kwa jina la CPI. Kongo iliuthibitisha mwezi wa Aprili 2002, na mkataba ukaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2002.

Kifungu cha 8 kinataja, kati ya makosa ya vita, matendo matatu juu ya watoto wenye umri chini ya miaka 15. La kwanza ni kuwaingiza jeshini kwa nguvu. La pili ni kuwaandikisha, hata kama wenyewe wamekubali. La tatu, kwa Kiingereza, ni “using them to participate actively in hostilities”: kuwatumia ili washiriki kikamilifu katika mapigano.

Maandishi ya Kifaransa ya mkataba huohuo hayasemi “utiliser”. Yanasema “faire participer”, kuwashirikisha. Lugha zote mbili zina nguvu sawa kisheria, lakini picha si moja. Kwa Kiingereza jicho linaangalia mkono wa kamanda anayeshika chombo. Kwa Kifaransa jicho linaangalia mapigano ambamo mtoto amesukumwa. Kiswahili hakimo kati ya lugha 6 rasmi za mkataba huo, ingawa mashahidi wengi kutoka Ituri walisema kwa Kiswahili mbele ya mahakama na maneno yao yakafasiriwa.

Swali gumu lilikuwa la mpaka. Mtoto mwenye bunduki mstari wa mbele, hakuna ubishi. Lakini mpishi je? Mbeba mizigo? Msichana aliyechukuliwa kuwa bibi ya kamanda? Waliotayarisha mkataba waliandika maelezo. Walisema kutumia kunaingiza pia kazi zinazofungamana na vita: kupeleleza, kupeleka ujumbe, kuwa chambo, kulinda barieri ya kijeshi, kubeba vitu mpaka mstari wa mbele. Walisema hakuingizi kazi ambazo ni wazi hazihusiani na mapigano, kwa mfano kupeleka chakula ku kambi ya ndege za kivita au kuwa boyi ku nyumba ya ofisa na jamaa yake.

Kesi ya kwanza: Ituri

Mtu wa kwanza kuhukumiwa na CPI alikuwa Thomas Lubanga Dyilo, kiongozi wa UPC, chama kilichokuwa na jeshi lililoitwa FPLC. Alipelekwa La Haye mwezi wa Machi 2006. Kesi ilianza tarehe 26 Januari 2009, na hukumu ilisomwa tarehe 14 Machi 2012. Majaji watatu walimkuta na hatia ya makosa yote matatu, yaliyotendeka Ituri kati ya tarehe 1 Septemba 2002 na 13 Agosti 2003.

Majaji hawakutegemea sana maneno ya wale walioletwa mbele yao kama watoto askari wa zamani. Waliona kwamba baadhi ya watu wa katikati waliotumwa na ofisi ya mwendesha mashtaka kutafuta mashahidi hawakuaminika. Waliegemea ushahidi mwingine, pamoja na video iliyochukuliwa ku kambi ya Rwampara, jirani na Bunia, tarehe 12 Februari 2003, inayomwonyesha Lubanga akihutubia askari wapya, kati yao watoto wadogo sana. Hukumu inasema watoto walipelekwa kama askari Bunia, Tchomia, Kasenyi, Bogoro na kwingine, na kwamba walipigana pia Kobu, Songolo na Mongbwalu. Inataja pia kikosi cha kadogo, na watoto waliofanywa walinzi wa wakubwa.

Juu ya maana ya kutumia, majaji walisema tendo hilo linaenda mbali zaidi ya kushika bunduki. Walipima kama kazi ya mtoto ilimuweka katika hatari ya kweli ya kulengwa na adui. Mwaka 2014 majaji wa rufaa walisahihisha kipimo hicho: la kuangalia ni uhusiano kati ya kazi aliyopewa mtoto na mapigano ya kikundi chake. Hata hivyo hukumu ilibaki.

Adhabu ilitangazwa tarehe 10 Julai 2012. Kwa kuandikisha watoto, miaka 12. Kwa kuwaingiza kwa nguvu, miaka 13. Kwa kuwatumia, miaka 14. Miaka hiyo haikujumlishwa: yote ilitumikiwa pamoja, kwa hiyo jumla ilikuwa 14. Lakini tarakimu zenyewe zinaonyesha kwamba kati ya vitenzi vitatu, “use” ndicho kilichopata uzito mkubwa. Lubanga alitoka gerezani mwezi wa Machi 2020, baada ya kumaliza adhabu yake.

Wasichana walibaki upande gani?

Mmoja kati ya majaji, Elizabeth Odio Benito wa Costa Rica, hakukubaliana na wenzake Adrian Fulford na René Blattmann katika jambo moja kubwa. Wao waliona kwamba unyanyasaji wa kingono haukuwekwa katika mashtaka, kwa hiyo hawakuamua kama unaingia ndani ya neno kutumia. Yeye aliandika kwamba msichana anayebakwa na watu wa kikundi chake mwenyewe ametumiwa na kikundi hicho, na kwamba kumuacha nje ya neno ni kumfanya asionekane.

Njia nyingine ilipatikana baadaye. Katika kesi ya Bosco Ntaganda, kamanda wa jeshi hilohilo, mashtaka yalitaja wazi ubakaji na utumwa wa kingono juu ya watoto askari. Mwaka 2017 majaji waliamua kwamba hata mtu wa ndani ya kikundi anaweza kuwa mhanga wa makosa hayo. Tarehe 8 Julai 2019 Ntaganda alikutwa na hatia ya makosa 18, na hayo yakiwemo. Alipewa miaka 30. Hapo kitenzi “use” hakikulazimishwa kubeba mzigo wote: tendo liliitwa kwa jina lake.

Vipimo vitatu vya kutofautisha

Kwa mkaaji wa Ituri, jambo la maana ni kujua kwamba neno kutumia halipimwi kwa kipimo kimoja.

Mbele ya CPI, mtoto lazima awe chini ya miaka 15, na kazi yake iwe na uhusiano na mapigano. Lakini kumbukeni matendo mengine mawili: kuandikisha na kuingiza kwa nguvu. Hayo yanatimia tangu mtoto anapoingia ndani ya kikundi, hata kama baadaye alipika tu.

Kwa sheria ya Kongo, umri ni chini ya miaka 18. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kuandikisha au kutumia watoto katika jeshi, vikundi vyenye silaha na polisi, kwa kifungo cha miaka 10 mpaka 20.

Kwa misaada na kurudisha watoto katika jamii, mashirika yanafuata Kanuni za Paris za mwaka 2007. Hizo zinahesabu kila mtoto aliyetumiwa na kikundi kwa kazi yoyote: mpiganaji, mpishi, mbeba mizigo, mjumbe, mpelelezi, au aliyechukuliwa kwa ajili ya ngono. Bunduki si sharti. Msichana anayesema “mimi sikupigana, nilitumika tu jikoni” asirudishwe nyumbani kwa kufikiri kwamba hahusiki. Anahusika.

Neno gani la kuchagua

Kiswahili kina neno linaloziba pengo la kutumika: ni kutumikisha. “Watoto walitumika” haisemi ni nani aliyewatuma. “Watoto walitumikishwa na kikundi fulani” inamrudisha mwenye kutenda ndani ya sentensi. Pale ambapo kazi inajulikana, ni bora kuitaja: walipikishwa, walibebeshwa mizigo, walitumwa kupeleleza, waliwekwa ku barieri. Na pale ambapo ni ubakaji, uitwe ubakaji. Kusema “alimtumia kama bibi yake” ni kuuficha.

Anayefasiri maneno ya mtoto au ya mzazi, kwa shirika au kwa tribinali, asiharakishe kuandika kwa Kifaransa “il a travaillé” kila anaposikia “alitumika”. Maswali manne yanatosha kuonyesha ni maana gani: nani alimtuma? Alitumwa kufanya nini, na fasi gani? Mapigano yalikuwa mbali au karibu? Alikuwa na miaka mingapi wakati ule? Majibu hayo ndiyo yanaonyesha kama mtoto alifanya kazi, au kama kuna mtu mzima aliyemfanya chombo cha vita.